Vasas ya Budapest: Chama kilikuwa chake, umati ulikuwa wa wengine

Muulize Mhungari anayefuatilia soka ni klabu gani ya Budapest ni ya wafanyakazi, atakujibu bila kusita: Vasas. Ilianzishwa na chama cha wafanyakazi wa chuma, jina lake limetokana na chuma hicho hicho, na makao yake ni Angyalföld, wilaya ya 13, mtaa uliosifika zamani kwa karakana zake na moshi wake. Sasa muulize huyo huyo: wafanyakazi wa Budapest walikuwa wanashangilia nani? Hapo jibu linageuka. Wengi watakutajia Ferencváros, klabu ya wilaya ya 9 ambayo haikuwahi kuzaliwa na chama chochote cha wafanyakazi.

Katika majibu hayo mawili ndimo ilimo historia nzima ya Vasas, na ndimo ilimo sababu ya klabu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kuja kuhangaika kati ya ligi kuu na daraja la pili. Ni rahisi kusema fedha zimewaishia. Lakini fedha zimekwisha na kurudi mara kadhaa, na uwanja mpya wamejengewa. Ninavyoona mimi, tatizo ni la zamani kuliko hapo: Vasas ilikuwa klabu ya wafanyakazi kwa hati ya umiliki, wakati wapinzani wake walikuwa klabu za wafanyakazi kwa mapenzi. Mambo hayo mawili huonekana sawa hadi siku mwenye hati anapoondoka.

Turudi mwanzo. Vasas ilizaliwa tarehe 16 Machi 1911, wakati Hungaria bado ni sehemu ya dola la Austria na Hungaria. Soka la Budapest wakati huo lilikuwa na wafalme wawili, Ferencváros na MTK, na walijua kujifungia mlango: kuanzia 1903 hadi 1929 ubingwa haukutoka mikononi mwao hata mara moja. MTK ilikuwa klabu ya watu wa tabaka la kati, wengi wao Wayahudi, wafanyabiashara na wasomi. Ferencváros iliwabeba watu wa mtaa wake, wachinjaji, makuli wa masoko, mafundi wadogo. Vasas ikaingia ikiwa na kitu ambacho hao wawili hawakuwa nacho, yaani taasisi nyuma yake. Chama cha wafanyakazi wa chuma kilikuwa miongoni mwa vyama vyenye nguvu zaidi nchini, uti wa mgongo wa wanademokrasia wa kijamaa. Kilikuwa na ada za wanachama, kumbi na wanaharakati. Timu ya mpira ilikuwa tawi jingine la kazi hiyo.

Utawala wa kihafidhina wa Horthy, uliokuja baada ya jamhuri ya kisovieti ya Béla Kun kuanguka Agosti 1919, haukuvipenda vyama hivi, lakini haukuvifuta. Mwaka 1921 waziri mkuu Bethlen na kiongozi wa wanademokrasia wa kijamaa, Peyer, walifikia makubaliano: vyama viruhusiwe kuendelea, mradi visiwaguse wakulima, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa reli, wala visiitishe migomo ya kisiasa. Vasas iliishi ndani ya uzio huo. Ilipata pa kupumulia, lakini haikuwa tishio kwa mabingwa. Ubingwa wa kwanza uliisubiri klabu hii kwa miaka 46.

Hapo katikati alipita kijana mmoja ambaye jina lake bado liko midomoni mwa watu wa Angyalföld. László Kubala alianzia timu ya kiwanda cha Ganz, akaenda Ferencváros, akavuka kwenda Bratislava, kisha akarudi Budapest kuichezea Vasas. Januari 1949 akatoroka nchi. Miaka miwili baadaye alikuwa Barcelona, na leo sanamu yake imesimama nje ya Camp Nou. Vasas ilimpata kwa kipindi kifupi tu, ila kituo cha kulea vijana cha klabu kina jina lake. Nitamrudia.

Mwaka ule ule wa 1949 wakomunisti walizichukua klabu zote na kuzigawa kana kwamba ni samani za nyumba iliyofilisika. Jeshi likapewa Kispest, ikaitwa Honvéd, na kina Puskás wakakusanywa humo. Polisi wa siri wakapewa MTK. Wizara ya mambo ya ndani ikachukua Újpest na kuibandika jina la Dózsa. Ferencváros, ambayo watawala wapya hawakuipenda kwa sababu umati wake ulikuwa mkubwa na mgumu kuongozwa, ilivuliwa nguo kabisa: jina likawa Kinizsi, na jezi za kijani na nyeupe zikageuzwa nyekundu na nyeupe. Hebu fikiria shabiki anakwenda uwanjani Jumapili anakuta timu yake imevalishwa rangi ya chama cha kikomunisti.

Vasas haikuguswa. Jina lilibaki, rangi nyekundu na buluu zikabaki, mwenye nayo akabaki chama cha wafanyakazi wa chuma, ambacho sasa chenyewe kilikuwa mkononi mwa dola. Kwa macho ya siku zile ilikuwa bahati. Ukiitazama leo unaona ilikuwa hasara kubwa kuliko zote. Ferencváros ilidhulumiwa, na dhuluma ile ikawapa mashabiki wake hadithi ya kurithishana: sisi ndio tulionyang'anywa rangi zetu. Kila aliyekuwa na kinyongo na serikali, na viwandani walikuwa wengi, aliweza kwenda kwenye mechi ya Ferencváros akapiga kelele kwa muda wa dakika 90 bila kukamatwa. Ukienda kwenye mechi ya Vasas ulikuwa unaishangilia timu ya chama kilichokukata ada kutoka kwenye mshahara wako, ambacho hukukichagua, na ambacho kilikuwa kinakwambia usigome.

Kisha ukafika mwaka 1956, na hapa sitapita haraka.

Mapinduzi yalianza tarehe 23 Oktoba. Ligi ilisimama na msimu ule haukumalizika. Vifaru vya Kisovieti viliporudi Budapest tarehe 4 Novemba, vilikuja na serikali mpya ya János Kádár. Silaha zilinyamaza baada ya siku chache, lakini viwanda havikunyamaza. Wafanyakazi waliunda mabaraza yao, na tarehe 14 Novemba likaundwa baraza kuu la wafanyakazi wa Budapest nzima, lililoendesha mgomo na kujadiliana na Kádár ana kwa ana. Kiongozi wake alikuwa Sándor Rácz, fundi wa zana mwenye umri wa miaka 23. Tarehe 11 Desemba aliitwa bungeni kwa mazungumzo, na huko huko akakamatwa. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha wa 1963.

Huyu Rácz ndiye hasa mtu ambaye Vasas ilidai kumwakilisha: kijana, fundi chuma, mtu wa karakana. Alipokuwa gerezani, masika ya 1957, mamlaka ya soka iliandaa ligi fupi ya raundi 11, timu 12. Bingwa akawa Vasas, ubingwa wake wa kwanza tangu izaliwe. Kocha alikuwa Lajos Baróti, mtu makini ambaye baadaye aliiongoza timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia zaidi ya mara moja.

Na Kádár? Kádár alikuwa shabiki wa Vasas. Haikuwa siri wala uzushi wa wapinzani. Katika ujana wake alikuwa fundi wa mashine za kupiga chapa, na siasa aliijulia katika kundi la vijana la chama hicho hicho cha wafanyakazi wa chuma. Alipokuwa mtawala alionekana jukwaani kwenye mechi za Vasas kama mzee mwingine yeyote wa mtaani. Mtu aliyeyavunja mabaraza ya wafanyakazi ndiye aliyekuwa shabiki mashuhuri kuliko wote wa klabu ya wafanyakazi. Kama mtunzi angebuni jambo hili, tungemwambia amezidisha chumvi.

Sitaki kuwaonea wachezaji. Timu ile ilikuwa nzuri kwelikweli. Ni kweli Honvéd ilikuwa imesambaratika; mapinduzi yaliikuta ikijiandaa kucheza Ulaya, na Puskás, Kocsis na Czibor hawakurudi. Mlango ulikuwa wazi, lakini kwa Ulaya hakukuwa na mlango wa kuachiwa. Msimu wa 1957 na 1958 Vasas iliwatoa CDNA ya Sofia, wakawatoa Young Boys ya Uswisi, wakatoka sare ya 2–2 na Ajax kabla ya kuwatandika 4–0. Nusu fainali wakakutana na Real Madrid ya Di Stéfano, mabingwa wa makombe mawili yaliyotangulia. Kule Madrid Vasas walilala 4–0. Marudiano ya Budapest, Aprili 1958, Vasas wakashinda 2–0. Ni klabu chache sana zilizoweza kuifunga Madrid ile mabao mawili bila jibu, tena zikiwa hazina tena la kupoteza.

Miezi miwili baada ya mechi hiyo, tarehe 16 Juni, Imre Nagy, waziri mkuu wa mapinduzi, alinyongwa. Sina maana kwamba kuna uhusiano kati ya mabao na kamba. Ninachosema ni kwamba mtu wa Budapest aliyeyaishi yote mawili katika msimu mmoja asingeweza kuitazama Vasas kama tunavyoitazama sisi kwenye orodha ya matokeo.

Miaka ya 60 ndiyo ilikuwa kilele. Mabingwa 1961, 1962, 1965, na 1966 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Rudolf Illovszky, aliyewahi kuwa mchezaji wa klabu hiyo, aliwafundisha katika ubingwa mitatu kati ya hiyo na baadaye akaongeza wa 1977. Uwanja sasa una jina lake. Kombe la Mitropa, lililokuwa likizikutanisha klabu za Ulaya ya kati, wamelitwaa mara sita, kuliko klabu nyingine yoyote, na mojawapo ni ile ya 1970 walipoiangusha Inter ya Milan.

Lakini ukitaka kuiona Vasas ya enzi hizo kwa karibu, tafuta picha za tarehe 15 Julai 1966, uwanja wa Goodison Park, Liverpool, Hungaria na Brazil kwenye Kombe la Dunia. Ubao ni 1–1. Bene wa Hungaria anakimbia upande wa kulia na kuutia mpira katikati, wa chini kidogo ya kiuno. János Farkas, mshambuliaji wa Vasas, anakuja mbio kutoka nyuma na kuupiga juu kwa juu kwa mguu wa kulia, bila kuutuliza, bila kupunguza mwendo. Kipa Gilmar anauona ukiwa tayari wavuni. Bao la tatu ni penalti ya Kálmán Mészöly, beki wa kati wa Vasas, jitu lenye nywele za rangi ya dhahabu ambalo Wahungari waliliita mwamba. Mészöly aliumia bega katika mechi hiyo, na kwa kuwa wakati ule hakukuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji, alifungwa mkono na kuendelea kucheza. Brazil haikuwa imepoteza mechi ya Kombe la Dunia tangu 1954, na aliyeifunga wakati huo alikuwa Hungaria pia.

Mabao mawili kati ya matatu yalitoka Angyalföld. Huo ndio ulikuwa uwezo wa mfumo ule, na si haki kuubeza. Chama kilikuwa na viwanda, viwanda vilikuwa na ajira. Mchezaji kwa karatasi alikuwa wa ridhaa, jina lake limo katika orodha ya wafanyakazi wa kiwanda fulani, mshahara unatoka huko, na kazi yake halisi ni mpira. Ndiyo maana Farkas aliweza kuvaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo 1964 akiwa miongoni mwa washambuliaji bora wa Ulaya. Farkas na Mészöly walidumu Vasas hadi mwanzoni mwa miaka ya 70. Hakukuwa na soko la kuwachukua, na klabu ilikuwa na cha kuwapa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa chama cha chuma haukuwa mtupu. Haukuishia kwenye soka pia: wanawake wa Vasas walitwaa ubingwa wa Ulaya wa mpira wa mikono mwaka 1982, na timu ya polo ya majini ilikuwa tishio barani kote.

Wapinzani wa Vasas wana jibu fupi kwa mafanikio haya: Kádár. Ubingwa yote sita ya klabu yalikuja chini ya utawala wake, kuanzia 1957 hadi 1977, basi kesi imekwisha. Hoja hii inavutia lakini haisimami. Kádár alitawala hadi Mei 1988. Baada ya 1966 Vasas ilipata ubingwa mmoja tu, ule wa 1977 ambao Béla Várady alifunga mabao 36 na kuwa wa pili Ulaya nzima kwa ufungaji. Katika miaka hiyo hiyo Újpest Dózsa, timu ya wizara ya mambo ya ndani, ilitwaa ubingwa mara saba mfululizo, kuanzia 1969 hadi 1975. Kama kupendwa na mtawala kungekuwa kunaleta makombe, mtawala mwenyewe asingekaa jukwaani miaka kumi akitazama timu ya polisi ikiyabeba. Nadhani Kádár aliipa Vasas kitu kibaya zaidi kuliko upendeleo, nacho ni sifa ya kupendelewa. Klabu ilibeba lawama ya makombe ambayo haikupewa.

Kuna jambo jingine ambalo sifa hiyo iliwafanyia. Katika jamii ambayo kila mtu anajua nani ana mgongo wa nani, mtu wa kawaida huchagua timu isiyo na mgongo. Mtoto wa fundi wa Angyalföld aliyezaliwa 1960 alikuwa na sababu nyumbani ya kuipenda Vasas, baba yake ni mwanachama. Lakini mtoto wa fundi wa Kőbánya au Csepel, mitaa mingine ya viwanda ya Budapest, aliyekuwa na ada hiyo hiyo ya chama hicho hicho, hakuwa na sababu yoyote. Vasas ilikuwa na chama cha nchi nzima lakini mashabiki wa wilaya moja. Ferencváros ilikuwa na wilaya moja lakini mashabiki wa nchi nzima. Katika fedha, hesabu ya kwanza ilikuwa bora mpaka 1989. Baada ya hapo ya pili ndiyo ikawa bora.

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Utawala ulipobadilika, soko la nchi za kisoshalisti likafungwa, na viwanda vizito vya Hungaria vikaporomoka mmoja baada ya mwingine. Chama cha wafanyakazi wa chuma kilibaki na chuma kidogo na wafanyakazi wachache. Klabu ikatafuta wafadhili popote. Katika miaka ya 90 ilicheza ligi kuu ikiwa na jina la Vasas Casino Salzburg, kisha Vasas Danubius Hotels. Klabu iliyoanzishwa na wafua chuma wa kijamaa, ikitangaza nyumba ya kamari ya Austria! Sicheki sana, kwa sababu sioni walikuwa na njia gani nyingine. Mwaka 2002 wakashuka daraja, jambo ambalo kizazi cha Farkas kisingelisadiki.

Inafaa kuwatazama ndugu zao wawili, maana hawakupata hatima moja. Csepel, kisiwa cha kusini mwa Budapest, kilikuwa na kiwanda kikubwa cha Weiss Manfréd, cha chuma, baiskeli na silaha, na timu yake ilikuwa bingwa wa nchi 1942, 1943, 1948 na 1959. Kiwanda kilipokatwa vipande vipande, timu nayo ikatoweka kwenye soka la juu. Diósgyőr, kwa upande mwingine, ilizaliwa 1910 kwenye viwanda vya chuma vya Miskolc, kaskazini mashariki. Haijawahi kuwa bingwa hata mara moja. Matanuru yake yalizimika kama ya wengine, mji ukajaa watu wasio na kazi, na bado jukwaa lake ni miongoni mwa majukwaa yenye sauti kubwa zaidi nchini. Tofauti ni kwamba Diósgyőr ina mji mzima usio na klabu nyingine ya kuupa moyo. Kiwanda kilipokufa, mji uliichukua timu ukaifanya yake. Csepel haikuwa na mji, ilikuwa na kiwanda. Vasas iko katikati: haijafa, lakini katika jiji lenye Ferencváros, Újpest, MTK na Honvéd, hakuna mji wa kuichukua.

Hata Angyalföld yenyewe si ile. Barabara ya Váci, iliyokuwa imepangwa viwanda kushoto na kulia, leo ni safu ya majengo ya ofisi za vioo, kubwa kuliko zote jijini. Kando ya mto Danube, palipokuwa na karakana za kujenga meli, yamesimama maghorofa ya fleti yenye bei ambayo fundi wa kuchomelea angehitaji maisha mawili kuilipa. Watu wanaoishi humo hawana ubaya wowote, ila hawana baba aliyewapeleka uwanjani kwa Vasas, Barabara ya Fáy.

Kisha zikaja fedha tena, na hapa ndipo wale wanaosema tatizo ni umaskini wanapoishiwa na maneno. Tangu 2011, chini ya serikali ya Viktor Orbán, kampuni za Hungaria ziliruhusiwa kuelekeza sehemu ya kodi yao ya faida kwenye klabu za michezo. Soka likafurika pesa. Viwanja vikaota: wa Ferencváros na wa Debrecen mwaka 2014, na mwaka huo huo ule wa Felcsút, kijiji alikokulia Orbán mwenyewe, wenye viti vingi kuliko idadi ya wanakijiji. Vasas nao walipata sehemu yao. Mwaka 2017 walimaliza wa tatu kwenye ligi, wakarudi kwenye mechi za Ulaya, na uwanja wa zamani ukabomolewa ili ujengwe mpya. Mwaka uliofuata wakashuka daraja. Uwanja mpya wa Illovszky, wa viti elfu tano na ushei, ulifunguliwa 2019 timu ikiwa daraja la pili. Walipanda 2022, wakashuka tena 2023.

Fedha ya aina hii inafanana na ile ya chama cha zamani kuliko wanavyopenda kukiri wanaoitoa. Inatoka juu, haimuulizi shabiki chochote, na inaweza kukauka kwa kura moja bungeni. Felcsút ni ushahidi mkubwa zaidi, timu ya kijiji inayoshindana na miji, lakini Vasas wangepaswa kuwa wa kwanza kuitambua, maana wameshaishi humo. Walikuwa na chama, wakawa na kasino, wakawa na kodi. Kila mara mwenye mkono mrefu alikuwa mtu mwingine, na kila mara mashabiki wa klabu walibaki wale wale wachache wa Fáy, waaminifu, wanaozidi kuzeeka.

Kuna wanaopendekeza Vasas iache kujiita klabu ya wafanyakazi, kwamba ni nembo ya makumbusho, ijipake rangi mpya iwavutie vijana wa ofisini wa Barabara ya Váci. Sikubaliani nao. Wafanyakazi hawajaisha Budapest, wamebadilika sura. Wako kwenye maghala, kwenye baiskeli za kupeleka chakula, kwenye majengo yale yale ya vioo wakisafisha usiku, na wengi wametoka mikoani au nchi jirani, hawana klabu waliyorithi. Hakuna timu ya jiji hilo inayowatazama. Vasas ina haki ya kihistoria ya kuwa ya kwanza kuwatazama, na haihitaji ruhusa ya wizara kufanya hivyo.

Kituo cha vijana chenye jina la Kubala kipo, na kimekuwa kikitoa wachezaji wa maana miaka yote ya shida. Hapo ndipo ningeweka nguvu. Kubala mwenyewe alikuwa mtoto wa familia yenye asili ya Slovakia, aliyeanza na timu ya kiwanda, akacheza kila alikopata nafasi. Klabu ikiwaleta watoto wa aina hiyo uwanjani Fáy, wao na wazazi wao, kwa tiketi wanayoweza kuilipa na kwa kadi ya uanachama yenye kura ndani yake, itakuwa imefanya jambo ambalo haikulifanya hata katika ubingwa wake sita. Viti ni elfu tano tu. Si vingi vya kujaza.